Konzi

Usinioneshe picha kwanza. Geuza.
Kopo huanza kusema kweli upande wa chini,
palipokaa majivu, palipokaa maji,
palipokaa miaka bila kuulizwa.

Kibanda changu kiko Kariokor, nyuma ya wauza vyondo.
Wanaoniita Bwana Makopo hunicheka nusu tu,
nusu nyingine wanapekua stoo za mama zao.
Nawafunza bure: futa kwa kitambaa kikavu, si kwa mchanga,
mchanga ulishanilia simba mzima wa kopo la hamira
nikabaki na mkia.
Kutu ya nje ni mvi. Kutu ya ndani ni kifua kikuu.
Na bati la biskuti lenye nyuzi na vifungo
usivimwage: hakuna mtoto wa mji huu
aliyelifungua akakuta biskuti,
na mnunuzi hulipia hata masikitiko yale.

Mshindani wangu ni Mbuvi wa Kamukunji.
Yeye akiona kopo huona koroboi:
mkasi, utambi, shilingi hamsini.
Siku moja tulivutana, kila mtu na ukingo wake,
yeye akisema, "Hili lina kazi bado,"
mimi nikisema, "Limemaliza."

Jumamosi alikuja Nduta wa Shauri Moyo
na kopo la samli, la kilo mbili, ndani ya mfuko wa unga.
"La mama. Gikomba, mahindi na maharagwe,
miaka ishirini na saba. Hii ndiyo gorogoro yake."
Manjano yamepauka hadi rangi ya jino.
Mpishi wa pichani amebaki kofia na kijiko.
Ukingo umelainika kwa kiganja,
kile kiganja kinachokata kilele cha mahindi
na kusema, "Haya mwanangu, limejaa."

Nikaligeuza.
Kitako kilikuwa kimegongwa kuelekea ndani,
wala si kwa kuanguka. Kuanguka hakuna subira.
Ilikuwa nyundo ndogo, kwa mzunguko,
polepole, kama mtu anayefinyanga.
Nikatia mkono. Goti la bati likanisukuma.
Niliujua ukubwa wake kabla sijaupima.

Nilikuwa na miaka tisa, tukikaa Kaloleni.
Mama alinituma gorogoro moja,
kisha akaimimina katika kopo letu la nyumbani
lenye kitako bapa kama meza ya hakimu.
Yalipungua. Kila wiki yalipungua.
"Umeyatafuna njiani? Umempa nani?"
Konzi moja ya mahindi haipo,
konzi moja ya utosi ipo,
na hii ya pili haikuwa na kitako kilichogongwa.
Ilikuja imejaa.

Si lazima liwe hili. Gikomba ilikuwa na makopo mia
na nyundo mia.
Nduta alitazama vidole vyangu mle ndani.
"Hapo palipobonyea, panashusha bei?"
"Panashusha."
"Lilinisomesha," akasema,
wala hakuinamisha macho.

Daftari langu lina safu: rangi, kutu, mshono, kifuniko.
Halina safu ya aliyesomeshwa
wala ya aliyelia nyuma ya jiko.
Kwa haki, lilikuwa la elfu moja na mia tano.
Niliusikia mdomo wangu ukitaja elfu moja na mia tatu.
Akazihesabu mara mbili, kama alivyofunzwa nyumbani,
akashukuru, akaenda zake.

Limekaa rafu ya juu, kofia na kijiko vikiwatazama wateja,
kitako nimekielekeza ukutani.
Mbuvi akipita huuliza kama naliuza.
Namwambia bado nalikadiria.
Zile mia mbili sijazitumia.
Ziko mfuko wa koti, sarafu za ishirini ishirini.
Jioni nikifunga kibanda huzishika gizani.
Zinaenea kiganjani
sawasawa.